Mshale Uliolala Kwenye Baridi

Mkolani, Mwanza
14 Agosti 1996

Kaka yangu Ngosha,

Shikamoo. Naamini barua hii inakukuta mzima, wewe na wifi Teodora, na kwamba kile kikohozi chake cha vumbi la pamba kimeanza kumwachia. Watoto nawaombea. Nasikia malisho yamekauka mpaka ng'ombe mnawapeleka mbali. Mungu awavushe hadi mvua za vuli. Huku Mkolani tunaamka. Mwili wangu haunidai kitu. Usingizi ndio umenihama.

Najua uliapa hutaki kunisikia. Ulisema mbele ya ukoo kwamba mdogo wako ana mdomo wa mkutano wa hadhara, na kwamba nikikanyaga uwanja wako utanitoa kwa fimbo. Haya. Karatasi haina mdomo. Ikikukasirisha iweke chini, uvute pumzi, uiokote tena. Ninakuomba kitu kimoja tu: isome yote kabla hujamwita mtu yeyote.

Umempa mama mdogo Ng'washi, mjane wa baba yetu, hadi siku ya mnada awe ameondoka kwenye mji wa baba. Umesema asipoondoka, vijana watajua la kufanya, na wewe hutawazuia. Kaka, wewe na mimi tunajua maana ya maneno hayo. Bibi anayeambiwa ahame katika nchi yetu ya leo hapewi nauli. Tumezika wangapi waliokutwa asubuhi mlango umepasuliwa kwa panga, na kijiji kizima, chenye masikio ya kusikia ndama akizaliwa mji wa pili, kikasema hakikusikia kitu? Kama maneno haya ni makali, bado ni laini kuliko panga.

Nianze na gari, kwa sababu mashtaka yote ya uchawi yanaanzia kwenye gari. Unakumbuka tulivyolipata. Kiwanda cha kuchambua pamba, nilikokuwa katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi, kiliuzwa. Mdogo wetu Antoni akapunguzwa kazi kule kwenye meli. Tukaambiwa tusilie, mlango wa biashara umefunguliwa kwa kila mtu. Mimi na Antoni tukaweka viinua mgongo vyetu, wewe ukauza ng'ombe, tukanunua pikapu iliyotoka Japani ikiwa imekwishatumiwa na watu tusiowajua. Kitabu chake tulikikuta ndani ya dashibodi kimeandikwa kwa herufi za huko, tukakitumia kufutia vioo. Ndilo soko huria letu hilo: tunauziwa mashine bila maarifa yake, kisha tukiiua tunaambiwa sisi ni washenzi. Minofu ya sangara inapanda ndege kwenda Ulaya. Sisi tunaachiwa mapanki, kichwa na mifupa, tunayakaanga na kuyapeleka Misungwi, na bado tunatakiwa tushukuru. Na tulishukuru. Pikapu ile ililisha nyumba tatu. Naelewa uchungu wako ilipokufa, maana ni uchungu wangu pia. Sitaki uniambie kwamba mimi siuoni.

Antoni hakuwa mzembe. Hilo nalisema kwa sababu najua nawe ulimtukana sana kabla hujapata wa kumtukana zaidi. Kila asubuhi alifanya alichofundishwa na madereva wenzake wa stendi: anafunua boneti, anachungulia kile kitanki cha plastiki kilicho pembeni, akiona maji ya kijani yamefika kwenye mstari anafunga. Njiani anautazama mshale wa joto. Ukiwa chini, anaimba.

Siku ile ya kipaimara cha mwanao alifika Jumamosi, akalaza gari uwanjani kwako hadi Jumatatu. Jumatatu asubuhi mama mdogo alikuwa akifagia, akaona udongo umelowa chini ya gari. Akamtania Antoni kama alivyozoea kumtania tangu alipokuwa akimbeba mgongoni, mama yetu alipofariki. Alimwambia kuwa gari lake limerithi tabia yake ya kukojoa kitandani, na kwamba kwa mkojo ule halitafika Mwanza. Mlicheka wote. Antoni anasema wewe ndiye uliyecheka kuliko wengine, ukamwambia bibi aache wivu, siku yake ya kupandishwa mbele itafika. Utani wa asubuhi, mbele ya wifi na wageni, na kila mtu ana kikombe cha chai mkononi. Leo mnauita apizo. Mnauliza alijuaje. Alijua kwa sababu alikuwa na ufagio mkononi na macho yake yalikuwa yanatazama chini, basi.

Antoni akaondoka. Alipovuka Misungwi mshale ukaanza kupanda. Anasema aliuona, akajiambia atalipumzisha gari Usagara penye watu. Kabla hajafika Usagara mshale ukageuka. Ukashuka, ukalala kabisa kwenye baridi, chini kuliko hata anapoanza safari asubuhi. Akamshukuru Mungu kwa sauti. Usagara hakusimama tena, akakanyaga mafuta. Kwenye kilima cha kuja Buhongwa injini ikapiga kelele kama debe la kokoto, ikanoki. Alipofunua boneti joto lilimsukuma nyuma. Rangi ilikuwa imebabuka. Akachungulia kitanki: kimejaa. Akarudi kwenye usukani: mshale uko kwenye baridi. Maji yapo, joto hakuna, injini imeungua. Aliketi kando ya barabara, na alipokusimulia hakukudanganya hata neno moja. Hicho ndicho kinachonitisha, kaka. Bibi yu karibu kuuawa kwa ushahidi wa mtu mkweli.

Halafu mbwa wako, aliyekuwa akiyumba tangu Jumapili kama mtu aliyetoka kilabuni, akafa Jumanne. Hapo mkaacha kabisa kufikiri. Ukachukua kifaranga ukaenda kwa mganga. Mganga akakipasua, akasoma matumbo yake, akaona mwanamke mzee mwenye macho mekundu anayekaa upande wa machweo wa mji wako. Ngosha! Nitajie bibi mmoja katika wilaya nzima anayepikia kinyesi cha ng'ombe kwa kuwa kuni zimekwisha, ambaye macho yake ni meupe. Mganga hakuhitaji kifaranga. Ingetosha atazame moshi unaotoka kwenye nyumba za wazee tusiowapelekea kuni.

Mganga amesoma matumbo ya kifaranga. Fundi Okech amesoma matumbo ya gari, na gari halina mtu wa kumpendelea. Okech humjui: ni Mjaluo wa ufukweni huko Mara, alikuwa fundi wa malori ya chama cha ushirika kabla malori hayajageuka vyuma chakavu, sasa anafanya kazi zake hapa Mkolani. Tulivuta pikapu hadi kwake. Alipomaliza kumsikiliza Antoni hakucheka, ingawa ni mtu wa mzaha. Aliuliza swali moja tu: ni lini mara ya mwisho alipofungua mfuniko wa rejeta yenyewe. Antoni akasema hajawahi, kwa sababu kitanki kilikuwa kimejaa siku zote. Okech akamwambia kwamba kuchungulia kitanki bila kufungua rejeta ni sawa na kumuuliza jirani kama mkeo ameshiba.

Kisha akatuonyesha. Mpira wa chini wa rejeta ulikuwa umepasuka chini ya bano lake, mahali ambapo jicho halifiki. Ulikuwa ukivuja kidogo kidogo gari likiwa limesimama, na njiani, maji yakishapata moto na nguvu, ukamwaga. Basi ule udongo uliolowa ndio huo. Kitanki nacho kazi yake ni kuirudishia rejeta maji inapopoa, lakini hufanya hivyo ikiwa mfuniko wa rejeta unabana sawasawa. Mpira wa mfuniko wetu umelika, una pengo la kupitisha unyasi. Kwa hiyo rejeta ilipopungukiwa ilivuta hewa, na kitanki kikabaki kimejaa pale pale, kinamtazama Antoni kila asubuhi kama mwenyekiti mnene wa kijiji chenye njaa.

Mshale ndio uliotushinda sote, hata mimi ninayejidai kusoma. Okech akachomoa kijiti kidogo cha shaba kilichofungwa kwenye injini. Akasema huo ndio ulimi wa mshale: unakaa ndani ya maji, unaonja joto lake, unaupelekea mshale habari. Akabandika sufuria ya maji kwenye jiko la mkaa, yakachemka. Akaunga nyaya kwenye betri, akatumbukiza kijiti, akatuambia tutazame dashibodi. Mshale ukapanda hadi penye nyekundu. Kisha akakiinua kijiti, akakishika hewani juu ya sufuria. Maji bado yanatokota, na mshale unashuka. Ukashuka polepole ukalala kwenye baridi. Akarudia, ukapanda, akainua, ukashuka. Antoni alikaa juu ya tairi akafunika uso kwa shati.

Umeelewa, kaka? Mshale haupimi joto la injini. Unapima joto la maji. Maji yakiisha, ulimi unabaki mkavu, hauna cha kuonja, na mshale unarudi kulala kana kwamba mambo yamekuwa mazuri. Pale Antoni alipomshukuru Mungu ndipo rejeta ilipokauka. Angesimama Usagara, akangoja injini ipoe, akafungua na kutia maji, gari lingekuwa hai na mama mdogo angekuwa anafagia.

Mbwa naye hakulogwa. Yale maji ya kijani yalikuja na gari kutoka Japani, ndani yake mna dawa ya kuzuia maji yasigande kwenye baridi yao. Okech anasema ni matamu ulimini na ni sumu. Yeye mwenyewe amewahi kupoteza mbuzi gereji kwa namna hiyo hiyo, akiyumba kwanza kama amelewa, kisha figo zikaacha kazi. Mbwa wako alilamba chini ya gari. Mngekuwa na mtoto anayetambaa, leo ningekuandikia barua nyingine. Nenda pale lilipokuwa limesimama, ufukue udongo uutupe shimoni.

Nimebisha kila mlango nilioujua. Kwenye ofisi moja niliambiwa wao hawashughulikii imani za watu. Kwenye nyingine bwana mmoja, meza yake safi kama haijawahi kufanyiwa kazi, aliniuliza kama bibi amekwisha kuuawa. Nikamwambia bado. Akasema basi hakuna kosa, nirudi likitokea. Kanisani nimeahidiwa sala. Nilitukana pale ofisini mpaka nikatolewa nje, na nilipofika barabarani nikaona nimeshinda mabishano na sijapata kitu. Ndivyo nilivyoishi, kaka. Nimeshinda mabishano mengi sana katika maisha yangu, na kiwanda kikauzwa, na watu wakapunguzwa, na mabishano yangu wote wanayakumbuka. Hili sitaki kulishinda. Nataka tu asife.

Kwa hiyo sitakuuliza nani atalima majaruba yake ya mpunga akishaondoka. Nilikuwa nimeandika ukurasa mzima juu ya majaruba hayo, nimeuchana. Wewe unajua kama kuna jambo hapo au hakuna.

Badala yake nakuandikia hili, kwa sababu wewe ni mtu wa mali na utapata gari jingine siku moja. Usitazame kitanki peke yake. Asubuhi, injini ikiwa baridi, fungua rejeta utazame maji kwa jicho lako, yawe yamefika shingoni. Tazama chini mahali gari lilipolala. Ujue mshale wako hupenda kukaa wapi safari ikiwa njema, ili ukihama popote, juu au chini, usimame. Ukipanda, simama, wala usifungue mfuniko wakati wa moto, utaungua uso, na usimwage maji baridi ghafla kwenye chuma kilichoiva, kitapasuka. Lakini ukipanda kisha ukaanguka wenyewe kabla hujafanya lolote, hapo simama upesi zaidi. Jambo baya likinyamaza ghafla, mtu mwenye akili hushtuka. Hili Okech alilisema kuhusu gari, na mimi nimekuwa nikilifikiria kuhusu kijiji chako. Nasikia vijana sasa hawamtukani tena mama mdogo wakipita mlangoni kwake. Nasikia wamekuwa wapole. Nasikia kumetulia.

Sasa nifike mahali ambapo kalamu inakuwa nzito.

Mama mdogo alikuja kwangu. Hilo hukulijua, mnadhani alikwenda kwa ndugu zake Magu. Asubuhi moja alikuta mpini wa jembe lake umevunjwa vipande viwili na kulazwa mlangoni, akajifunga khanga, akaja. Nilimpokea, nikamtandikia. Nilikuwa nimejaa hasira juu yenu, nimejaa hoja. Kesho yake aliamka mapema akanipikia uji wa ulezi, kwa kuwa anajua naupenda. Akauweka mbele yangu. Nami, Paskazia, niliyewasimanga wanaume wazima jukwaani kwa kuogopa ushirikina, nilimwambia nimekwisha kunywa chai. Alipogeuka nikaumwaga nyuma ya choo. Siku iliyofuata tena. Na iliyofuata tena. Nilikuwa namtetea mchana kutwa kwa mdomo ambao haukuthubutu kunywa kikombe chake. Mpaka siku ile Okech alipoinua kijiti kutoka kwenye sufuria. Nilirudi nyumbani, nikaomba uji, nikanywa mabakuli mawili mbele yake, nao ulikuwa uji tu, umezidi chumvi kidogo. Kwa hiyo usidhani nakuandikia kutoka mahali pa juu. Woga wako naujua ladha yake.

Nilimsihi abaki hapa. Nikamwambia Mkolani ni mji, hakuna anayemjua, tutagawana chumba na mboga. Alikataa. Alisema anayekimbia ndiye mchawi, na akifa huku atazikwa kama mchawi aliyekimbia, na watoto wa watoto wataambiwa hivyo. Alisema kaburi la mume wake liko pale na mtama wake umeiva, na ndege hawasubiri kesi. Nilipopaza sauti aliniambia ninyamaze, yeye ndiye aliyekuwa akinifuta kamasi. Usiku na mchana nimebishana naye, na huyu ndiye mtu wa kwanza aliyenishinda.

Kaka, aliyekukabidhi barua hii ni yeye. Huyo mwanamke aliyesimama uwanjani kwako na mtandio umeshuka machoni, ndiye. Yule mwanamume mrefu aliye nyuma yake, mwenye betri begani, ni Okech. Ana geji ya dashibodi na kijiti cha shaba mfukoni, anachohitaji ni jiko na sufuria ya maji. Antoni yuko nao, anaona aibu, mwache aseme mwenyewe. Mimi sikuja kwa sababu najifahamu: ningefika, ungenena neno, nami ningenena kumi, na katikati ya kelele zetu vijana wangepata nafasi yao.

Mama mdogo hajui kusoma. Nimemsomea barua hii yote isipokuwa habari ya uji, ambayo niliiongeza baadaye. Hiyo nataka nimwambie mwenyewe nitakapomwona tena.

Waite vijana. Waite wote, na yule wa panga mweke karibu na sufuria aone vizuri. Okech akimaliza, omba maji ya kunywa, na umwambie mama mdogo ndiye akuletee. Ayachote kwenye mtungi wake, kwa kata yake, akupe kwa mkono wake, nawe unywe mbele yao yote, usibakize. Najua unachokiomba moyo wako kwa sasa, maana nami niliumwaga uji. Kunywa hivyo hivyo ukiogopa. Hakuna mganga wala ofisi wala barua inayoweza kufanya jambo hilo kwa niaba yako. Mji ni wako, na hakuna kijana atakayemgusa mtu ambaye mwenye mji amekunywa mkononi mwake.

Nisalimie wifi Teodora, mwambie dawa ya kifua nimempa Antoni. Nisalimie wanao, na huyo wa kipaimara mwambie shangazi yake anamwombea awe jasiri. Waambie majirani nimewakumbuka, hata wale niliowagombeza. Pikapu Okech anasema kichwa cha injini kimepinda, lakini si kila kitu kimekufa. Hayo tutayazungumza tukiwa wote hai.

Barua imekuwa ndefu, na tabia ya mama mdogo unaijua: haketi kwenye uwanja wa mtu mpaka mwenye mji amwambie. Amesimama muda wote uliokuwa ukisoma.

Mpe kiti.

Mdogo wako,
Paskazia